Abdallah Kibadeni na Mabao Matatu ya Mwaka 1977

Historia yetu iliyoandikwa imejaa majina ya masultani, magavana, majemadari na washairi. Majina ya wacheza mpira ni haba mno ndani yake. Walakini, mtu akitoka Mnazi Mmoja, akavuka barabara ya Lumumba na kuingia Kariakoo, kisha akaketi katika baraza yoyote ya wazee, atasikia majina ya wachezaji yakitajwa mara nyingi kuliko majina ya watawala. Magavana wa Kiingereza waliotawala Tanganyika wamesahauliwa hata na baadhi ya wanafunzi wa historia. Bali mtu aliyefunga bao mwaka 1968, na dakika aliyolifunga, hujulikana na mchuuzi wa nazi na karani sawasawa. Kumbukumbu iliyohifadhiwa na watu wengi namna hii, kwa miaka mingi namna hii, bila ya kulazimishwa na shule wala serikali, yastahili kutazamwa na mwanahistoria kwa heshima ile ile ambayo huitazama hati ya kale.

Lakini heshima si utii. Kumbukumbu ya barazani huhifadhi tunda na aghalabu huutupa mti. Husema nani alifunga, haisemi kwa nini siku ile ilikuwa siku ya kufunga. Insha hii inamhusu mchezaji mmoja ambaye amepata kheri na hasara ya kumbukumbu ya namna hiyo, naye ni Abdallah Kibadeni, mshambuliaji wa Simba, aliyefunga mabao matatu dhidi ya Yanga tarehe 19 Julai 1977, siku ambayo Simba ilishinda kwa mabao 6 kwa 0. Kheri yake ni kwamba jina lake halikupotea. Hasara yake ni kwamba maisha yote ya mchezo yamekunjwa yakawa alasiri moja, na alasiri yenyewe imegawanywa na washabiki: upande mmoja humwona kama mtu aliyetenda muujiza, na upande wa pili humwona kama mtu aliyeokota mali iliyoangushwa na mwenyewe. Kusudi letu ni kuyarudisha mabao yale matatu katika mti yaliyozaliwa, tupate kuona kipi kilikuwa cha mchezaji na kipi kilikuwa cha wakati wake.

Yafaa kuanza na ardhi yenyewe. Mnazi Mmoja si kiwanja kilichosalia wazi kwa bahati. Watawala wa Kijerumani, kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia, waliupima mji wa Dar es Salaam kwa sehemu tatu: ya Wazungu, ya Wahindi na wafanya biashara, na ya Waafrika. Waingereza waliochukua nchi baada ya vita hiyo waliuendeleza mgawanyo huo, na eneo la wazi la Mnazi Mmoja likaachwa liwe mpaka baina ya Uhindini na Kariakoo, kwa kisingizio cha afya. Kariakoo nayo ilipata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Kiingereza, yaani Carrier Corps, kilichopiga kambi hapo wakati wa vita. Ulimi wa Kiswahili ukalilainisha jina hilo likawa letu. Hivyo mpaka uliowekwa ili kuwatenga watu uligeuzwa na watu hao hao kuwa mahali pa kukutania. Hapo palichezwa mpira, paliadhimishwa Maulidi, na wakati wa kudai uhuru palihutubiwa mikutano. Mwenge wa Uhuru una mnara wake hapo hata leo.

Katika mitaa iliyo nyuma ya mpaka huo ndimo vilimozaliwa vyama viwili vya mpira vilivyogawana mji, na baadaye nchi nzima. Yanga, ambayo jina lake kamili ni Young Africans, ilianzishwa mwaka 1935 na ina makao yake Jangwani. Simba ilianzishwa mwaka 1936 na ina makao yake katika mtaa wa Msimbazi. Mtu aweza kutoka makao ya mmoja hadi ya mwingine kwa miguu kabla jasho halijamtoka. Kwa simulizi za wazee, waliounda chama cha pili walikuwa wametengana na wenzao wa chama cha kwanza. Wakajiita Queens, kisha Eagles, kisha Sunderland, na mwaka 1971, kwa rai ya Makamu wa Kwanza wa Rais, Sheikh Abeid Amani Karume, ya kuacha majina ya kikoloni, wakajiita Simba. Msomaji na aliweke akilini jambo hili la kutengana, kwa maana tutalikuta tena.

Vyama hivi havikuwa timu za mpira tu. Mtu aliyefika mjini kutoka bara au kutoka pwani ya kusini, bila ya ndugu, alipata katika klabu mahali pa kucheza bao, pa kusikia habari za kazi, pa kuchangiwa harusi na pa kuzikwa kwa heshima. Kwa hiyo kushindwa kwa timu hakukuwa kushindwa kwa vijana kumi na mmoja. Kulikuwa aibu ya nyumba nzima, na kushinda kulikuwa karamu ya nyumba nzima. Asiyeifahamu hali hii hataweza kufahamu kwa nini deni la mabao huweza kurithiwa kama deni la fedha.

Na deni lilikuwapo. Ligi ya taifa ilianza mwaka 1965. Tarehe 7 Juni mwaka huo Yanga iliifunga Sunderland bao 1 kwa 0, mfungaji akiwa Mawazo Shomvi. Hata hivyo ubingwa wa mwaka 1965 na wa 1966 ulikwenda Msimbazi. Kisha ikaja tarehe 1 Juni 1968. Siku hiyo Yanga iliifunga Sunderland mabao 5 kwa 0. Maulid Dilunga alifunga mawili, Salehe Zimbwe mawili, na Kitwana Manara moja. Bao la tano liliingia dakika ya 89, wakati walioshindwa walikuwa wakingoja filimbi tu iwaondolee fedheha. Yanga ikatwaa ubingwa mwaka huo na miaka minne iliyofuata, hata 1972. Mtoto wa Msimbazi aliyekuwa na umri wa kuelewa mambo mwaka 1968 alikua akiisikia tano hiyo sokoni, shuleni na msikitini. Idadi hiyo ikawa tusi lisilohitaji maneno: ilitosha kuonyesha vidole vya mkono mmoja.

Huu ndio urithi alioukuta Abdallah Kibadeni. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa tayari katika safu ya mbele ya Simba, kijana wa umbo fupi ambaye washabiki walimpa jina la King, na wengine wakamwita Mputa. Ufupi katika mchezo wa mpira ni dosari kwa asiye na akili ya mchezo. Kwa mwenye akili huweza kuwa silaha, maana mlinzi mrefu humwona mtu mfupi baada ya kupita. Yafaa pia kukumbusha kwamba mpira wa nchi yetu wakati ule ulikuwa wa ridhaa. Mchezaji hakuwa na mkataba wa mshahara kama alio nao mchezaji wa leo. Aghalabu alikuwa na kazi katika shirika la umma, kiwandani au jeshini. Alifanya kazi yake, kisha akaenda mazoezini. Alichopata kwa klabu yake kilikuwa heshima ya mtaa, na mtaa una tabia ya kutoa heshima Jumamosi na kuidai irudishwe Jumapili.

Kizazi cha Kibadeni kilikuwa kizazi chema. Pamoja naye walikuwako mlinda mlango Athumani Mambosasa, Haidari Abeid, Willy Mwaijibe na Adam Sabu. Mwaka 1973 Simba iliuvunja utawala wa Yanga na kutwaa ubingwa. Katika mwaka huo, tarehe 23 Juni, bao la Haidari Abeid lilitosha kuishinda Yanga. Mwaka 1974 timu hiyo ilifika nusu fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Afrika, ikiwa imeiondoa Hearts of Oak ya Ghana katika robo fainali. Katika nusu fainali ilikutana na Mehalla ya Misri. Kila timu ilishinda nyumbani bao 1 kwa 0, na Simba ikatolewa kwa mikwaju ya penalti. Mwaka huo huo wa 1974 ilishinda mashindano ya kwanza ya klabu bingwa za Afrika ya Mashariki na Kati yaliyofanyika Dar es Salaam. Ni dhahiri, basi, kwamba Kibadeni hakuzaliwa kwa mchezo wa 1977; miaka mitatu kabla ya hapo alikuwa miongoni mwa washambuliaji waliojulikana nje ya mipaka ya nchi.

Hata hivyo, mbele ya Yanga kizazi hicho kilikuwa na maumivu yake, na maumivu hayo ni sehemu ya habari yetu. Tarehe 10 Agosti 1974 timu hizi mbili zilikutana katika uwanja wa Nyamagana, Mwanza, katika mchezo wa kuamua bingwa. Adam Sabu aliifungia Simba katika dakika ya 16, na bao hilo likalindwa kwa zaidi ya saa nzima. Dakika ya 87 Gibson Sembuli akasawazisha. Ukaongezwa muda, na katika dakika ya 97 Sunday Manara akaipatia Yanga bao la pili. Ubingwa ulikuwa umebakiwa na dakika tatu kufika Msimbazi, ukageuka njiani. Mwaka uliofuata, 1975, timu zile zile zilikutana Zanzibar katika fainali ya klabu bingwa za Afrika ya Mashariki na Kati, na Yanga ikashinda mabao 2 kwa 0. Mchezaji aliyeishi mambo hayo alijifunza kwa uchungu kwamba mchezo wa mpira hauishi dakika ya 86.

Sasa tuje kwenye kutengana kwa pili. Yanga iliyoshinda Zanzibar ilikuwa imefika kilele chake, na kileleni ndiko upepo huvuma kwa nguvu. Mzozo wa uongozi uliigawa klabu hiyo kambi mbili, na watu wa mjini, wenye kipaji chao cha kubandika majina, waliziita Kandambili na Raizoni. Kandambili ni viatu vya mpira vya bei nafuu. Raizoni vilikuwa viatu vya soli nene, mtindo wa vijana wa miaka ile. Kwa majina mawili ya viatu watu wa Kariakoo walieleza jambo ambalo mtaalamu wa elimu ya jamii angelihitaji sura nzima kulieleza: kwamba ndani ya chama kimoja mlikuwa na watu wa nyakati mbili, wenye fikira mbili juu ya namna ya kuongoza jambo la pamoja. Upatanisho ulishindikana. Mwaka 1976 waliotoka wakaunda klabu ya Pan African, na wachezaji wengi walio hodari wakaenda nao. Katika jezi za Pan African walionekana akina Kitwana Manara, Adolf Rishard, Jella Mtagwa na Leodegar Tenga. Wawili wa mwisho walikuwa nguzo za ulinzi za timu ya taifa, na Tenga ndiye aliyekuwa nahodha wake katika fainali za Mataifa ya Afrika mjini Lagos mwaka 1980. Sunday Manara naye mwaka 1977 alikwenda Uholanzi kuichezea Heracles ya mji wa Almelo, akahesabiwa kuwa Mtanzania wa kwanza kucheza mpira wa kulipwa Ulaya.

Basi Yanga iliyoingia Uwanja wa Taifa tarehe 19 Julai 1977 ilivaa rangi zile zile za kijani na njano, lakini miguu ilikuwa mingine. Siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Katika dakika ya 10 Kibadeni akafunga bao la kwanza. Katika dakika ya 20 Selemani Sanga wa Yanga, katika jitihada ya kuokoa, akaupeleka mpira katika lango lake mwenyewe. Dakika ya 42 Kibadeni akafunga tena, na timu zikaenda mapumziko zikiwa 3 kwa 0. Kipindi cha pili kilikuwa cha Jumanne Hassan, aliyejulikana kwa jina la Masimenti. Akafunga dakika ya 60 na dakika ya 73, na waliopenda mizaha wakapata pa kuanzia, kwa kuwa Jumanne alikuwa amefunga siku ya Jumanne. Mabao yakawa matano.

Hapa ndipo yatupasa kusimama kidogo, kwa maana wasimulizi hupita mbio. Wakati wa bao la Masimenti la dakika ya 73, deni la mwaka 1968 lilikuwa limelipwa sawasawa: tano kwa tano. Kama mchezo ungekwisha hapo, Msimbazi wangerudi nyumbani na haki ya kunyamazisha vidole vya mkono mmoja, lakini wasingekuwa na haki ya kunyosha cha sita. Zilibaki dakika kumi na saba. Timu iliyotosheka ingeupiga mpira huku na huku na kungoja filimbi. Katika dakika ya 89 Kibadeni akafunga bao la sita, nalo lilikuwa la tatu kwake. Ilikuwa dakika ile ile ambayo Salehe Zimbwe alifunga la tano mwaka 1968. Sisemi kwamba mchezaji mwenye mpira miguuni huhesabu miaka. Hana nafasi hiyo. Nasema kwamba bao la sita ndilo lililobadili hesabu ya mitaa miwili, na kwamba lilifungwa na mtu ambaye baada ya dakika 89 za joto la Dar es Salaam alikuwa bado anautafuta mpira. Mabao mawili ya kwanza yalimfanya mfungaji bora wa siku. La tatu lilimfanya mtu wa historia.

Tugeukie sasa shauri la wenye mashaka. Watu wa Jangwani husema: mliifunga timu iliyovunjika, wachezaji wetu walikuwa Pan African. Neno hili si uongo, na mwanahistoria hana ruhusa ya kulipuuza kwa kuwa limetoka kwa aliyeshindwa. Kutengana kwa mwaka 1976 ni sababu ya kweli ya kushindwa kwa mwaka 1977. Lakini sababu ya kweli si lazima iwe sababu ya pekee. Kuna hoja mbili za kupima. Ya kwanza ni kwamba Simba ilikuwa bingwa wa nchi mwaka 1976, 1977, 1978, 1979 na 1980, miaka mitano mfululizo, nayo katika miaka hiyo haikucheza na Yanga peke yake. Iliwashinda pia wale waliotoka Yanga. Timu isiyokuwa na nguvu zake yenyewe haiwezi kuishi miaka mitano kwa udhaifu wa jirani. Ya pili ni kwamba Yanga na Simba zimekutana mara nyingi, kabla ya siku ile na baada yake, kila moja ikiwa mara imara, mara imeyumba. Tarehe 6 Mei 2012 Simba ilishinda mabao 5 kwa 0, na mfungaji wake mkubwa, Emmanuel Okwi wa Uganda, alifunga mawili. Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga ilishinda 5 kwa 1, na Maxi Nzengeli alifunga mawili. Milango imefunguliwa wazi mara kadhaa. Aliyeingia mara tatu katika mchezo mmoja wa ligi baina ya timu hizi ni Kibadeni. Mgawanyiko wa Yanga uliufungua mlango, bali mlango uliofunguliwa hauingii ndani kwa niaba ya mtu.

Kwa hiyo yatupasa kuzikataa simulizi zote mbili katika ukamilifu wake. Mwenye kusema kwamba ushindi ule ulikuwa muujiza huwanyima haki wachezaji waliojenga timu kwa miaka, na huuficha mzozo ambao ni somo kwa kila chama. Mwenye kusema kwamba ulikuwa wizi wa nyumba isiyo na watu humnyima haki mtu aliyekimbia mpaka dakika ya 89. Na pande zote mbili husahau jambo moja la ajabu: Simba yenyewe, kwa simulizi za wazee, ilizaliwa kwa watu kutengana na wenzao mwaka 1936, na ushindi wake mkubwa kuliko yote ulikuja baada ya watu kutengana na wenzao mwaka 1976. Historia ya mpira wa Kariakoo ni historia ya nyumba kugawanyika. Wachezaji huvuna au hupoteza kwa ugomvi ambao aghalabu hawakuuanzisha. Kibadeni alivuna. Wenzake wa Yanga, waliobaki na waliotoka, walilipa. Maana Pan African, ingawa ilitwaa ubingwa mwaka 1982, haikupata kuwa na mtaa nyuma yake kama walivyokuwa nao Simba na Yanga.

Laiti kazi ya Kibadeni ingeishia hapo, ingetosha kuandikiwa. Lakini hakuishia hapo, na hili ndilo kumbukumbu ya barazani hulitaja kwa sauti ya chini. Aliingia katika kazi ya ualimu wa mpira, na mwaka 1993 alikuwa mwalimu wa Simba iliyofika fainali ya Kombe la CAF. Mashindano hayo yalikuwa yameanza mwaka mmoja tu kabla ya hapo. Simba ilizipita timu za Ferroviário ya Maputo, Manzini Wanderers ya Swaziland, USM El Harrach ya Algeria na Aviação ya Angola. Katika fainali ilikwenda Abidjan kucheza na Stella, ikatoka 0 kwa 0, jambo ambalo lilionekana kuwa nusu ya kombe. Mchezo wa marudiano ulifanyika Dar es Salaam mwezi wa Novemba, mbele ya umati uliokuja kusherehekea, naye Rais Ali Hassan Mwinyi akiwako. Stella ikashinda mabao 2 kwa 0, yote mawili yakifungwa na Boli Zozo.

Linganisha siku hizi mbili. Ya mwaka 1977 ilikuwa mchezo wa mitaa miwili inayopakana. Ya 1993 ilikuwa fainali ya bara zima, ya kwanza kwa klabu ya Tanzania. Kwa kipimo cha umbali, kazi ya mwalimu wa 1993 ilikwenda mbali zaidi kuliko miguu ya mchezaji wa 1977. Miaka thelathini ilipita kabla Yanga haijafika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2023, ikashindwa na USM Alger kwa kanuni ya mabao ya ugenini. Na Simba ikarudi fainali mwaka 2025, ikashindwa na RS Berkane ya Morocco. Katika fainali hizo timu zetu zilikuwa na wachezaji wa kulipwa kutoka nchi nyingi, na walimu wa kigeni. Timu ya 1993 iliongozwa na mtoto wa nyumbani. Hata hivyo, mwulize mtu wa Msimbazi habari za Kibadeni, atakutajia mabao matatu kwanza. Kumbukumbu hupenda ushindi mdogo ulio karibu kuliko kushindwa kukubwa kulikofika mbali, na huenda hiyo ndiyo tofauti kubwa baina ya kumbukumbu na historia.

Baadaye mwalimu huyu alionekana tena na tena: Kagera Sugar, kisha Simba mwaka 2013, kisha JKT Ruvu, na mwaka 2015 timu ya Kilimanjaro Stars katika mashindano ya Chalenji nchini Ethiopia. Mara nyingine alipokewa kwa shangwe na kuachishwa kabla msimu haujakwisha, kama ilivyo desturi ya kazi hiyo. Mwenzake wa kizazi kile, Sunday Manara, alichagua njia ya ng'ambo, akacheza Ulaya, Marekani na Arabuni. Njia mbili hizi zilianza katika mitaa inayopakana, na katika mwaka mmoja wa 1977 zikaachana: mmoja alipanda ndege, mwingine akafunga bao la sita. Haifai kuuliza nani alichagua vema. Aliyekwenda aliwaonyesha vijana kwamba mlango wa nje upo. Aliyebaki aliwapa mwalimu.

Kariakoo ya leo si ile ya mwaka 1977. Soko jipya lililobuniwa na Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975, liliungua mwezi wa Julai 2021. Nyumba za udongo za vyumba sita zimetoa nafasi kwa maghorofa. Karibu na Uwanja wa Taifa wa zamani, ambao sasa ni Uwanja wa Uhuru, umesimama tangu 2007 uwanja mkubwa uliopewa jina la Benjamin Mkapa. Mchezaji hulipwa, na bao lake huonekana dunia nzima kabla hajamaliza kushangilia. Bao la sita la 1977 halina bahati hiyo. Liliishi katika sauti ya Redio Tanzania, katika kurasa za magazeti, na katika macho ya waliokuwako.

Macho hayo yanapungua mwaka hata mwaka. Ndiyo sababu insha hii inaelekezwa kwa wanafunzi wa historia. Wapo wanaovuka bahari kutafuta hati za magavana katika maktaba za London, na kazi hiyo ni njema. Lakini wapo pia wazee wa Msimbazi na wa Jangwani wanaojua ni nani aliyemwita nani mkutanoni mwaka 1976, neno gani lilisemwa, na kwa nini upatanisho ulishindikana. Wapo waliocheza na Kibadeni na waliomkaba. Na waulizwe wote wawili, wa kijani na wa nyekundu, na ushahidi wao uwekwe upande kwa upande, kama tulivyojaribu kuweka hapa mabao ya 1968 na ya 1977. Idadi ya mabao tunayo tayari. Kinachokosekana ni habari za watu walioyafunga, na za nyumba zilizogawanyika wakati wakiyafunga.